Tulimtazama yeye

Jana baada ya sala ya Isha nilikwenda kumtaka radhi shangazi, mshika fedha wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, hapa Wete. Aibu ilinichelewesha miezi miwili.

Vijana wawili walituletea programu za hesabu. Moja ina rangi, michoro inapanda na kushuka, jina la kikundi limeng'aa juu. Nyengine safu na tarakimu tu. Mie, katibu, ndiye niliyeshikilia tuchukue ile ya kwanza. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii naijua tangu utotoni, lakini mkakasi unafunguka. Programu nitaifunua wapi? Karafuu ingekuwa rahisi: kavu ukiivunja hukatika kwa mlio, mbichi hupinda. Mgeni hufundishwa hapo hapo jamvini, akajua.

Siku ya marejesho mtandao ulikuwa mzito. Nabonyeza kuhifadhi, kimya, nikabonyeza tena. Marejesho mawili, kila moja shilingi 70,000, yakaandikwa mara mbili. Jioni programu ikadai sanduku limepungukiwa shilingi 140,000. Hakuna aliyeishuku kompyuta. Tulimtazama yeye.

Wiki ya pili mwanachama mmoja akashangaa deni lake kushuka kuliko alicholipa. Kumbe.

Uingereza waliteseka zaidi ya hivi. Kati ya 1999 na 2015, wasimamizi wa posta ndogo zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu, ushahidi ukiwa hesabu za mfumo wa kompyuta wa Horizon uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Mfumo ulikuwa na kasoro. Wapo waliofungwa, wapo waliofilisika, na sheria ya kufuta hukumu kwa jumla ilipitishwa 2024. Mahakimu wale nao hawakuwa mafundi wa kompyuta. Waliletewa tarakimu, wakaziamini kuliko watu.

Kijana wetu alipokuja, nilimtaka abonyeze mara mbili mbele yangu. Akabonyeza, akatazama, akanyamaza. Swali hilo lingenichukua dakika moja siku ya kwanza. Sasa kila fundi namwambia: zima umeme katikati ya kazi, kosea tarakimu kusudi, nione.

"Yamekwisha, mwanangu," shangazi aliniambia. Akaingia ndani, akatoka na daftari. Siku ile yote imo, kila shilingi, kwa kalamu ya wino, na jumla yake sahihi. Lilikuwepo tangu jioni ile. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza kama analo.