Bitana ya Bodisi ya Mahameli

Jana mwanangu alifungua sanduku la mavazi ya maigizo, akaitoa ile bodisi ya mahameli, vazi la juu linalobana kiwiliwili, na kuigeuza ndani nje. "Mama, mbona nje ni ya malkia na ndani ni shuka?"

Ni shuka kweli.

Binamu yangu ndiye aliyekuwa acheze malkia. Mahameli ya zambarau tulikuwa nayo tayari. Kilichobaki ni bitana, kitambaa cha kushonea upande wa ndani, na mezani nilikuwa na vitambaa viwili: satini nyekundu ya poliesta, na shuka la pamba lililofuliwa miaka mingi mpaka likalainika. Nikamwambia achague. Akapenyeza mkono kwenye mkunjo wa satini, akaufumba. "Hii, dada. Nataka nijione malkia hata kabla pazia halijafunguliwa."

Nilijua kwamba kwenye vazi linalobana kiwiliwili hivyo, bitana si pambo. Ndiyo inayobeba mvuto wa kamba za mgongoni na vile vijiti vya kulisimamisha vazi. Mafundi wa Ulaya wa karne ya 19 walikuwa wakikata kila kipande mara mbili, cha nje na cha pamba, wanavipiga bandi pamoja, kisha wanavishona kama kitambaa kimoja. Hariri ya nje ikabaki na kazi ya kupendeza tu. Hayo yote niliyajua. Nikautazama uso wake, nikakata satini.

Mazoezi ya mwisho, taa za jukwaani zikiwaka, nilimkaza kamba. Ilipofika zamu ya kujivika taji aliinua mikono yote miwili, kisha akaganda. Nikapanda. Nikaingiza kidole chini ya kwapa. Uzi wa mshono ulikuwa mzima kabisa. Kitambaa chenyewe ndicho kilichokuwa kikiukimbia. Nyuzi za satini zilikuwa zimeteleza, zikabaki zile za upande mmoja tu, zimekaa kama vipago vya ngazi, na katikati yake ukiuona mgongo wa mahameli. Ngozi yake ilikuwa imelowa. Poliesta hainywi jasho, kwa hiyo satini ilikuwa imemganda mbavuni kama karatasi iliyorowa.

"Nishushe mikono?" akaninong'oneza.

"Bado." Kila alipovuta pumzi, pengo lilipanuka kidogo mbele ya macho yangu.

Usiku ule nilifumua kila kitu. Shuka lilikuwa limeshafuliwa vya kutosha, halikuwa na kunywea tena. Nilikata nikiangalia uzi unyooke, maana kitambaa kikikaa hanamu huvutika, na kiuno hakitaki kuvutika. Alfajiri ikanikuta bado nashona. Onyesho lilikwenda vizuri, na mshono haukutikisika.

Aliponirudishia alisema, "Ilinikaa vizuri sana. Lakini ile nyekundu, dada..." Hakumaliza.

Siku hizi najua ningeweza kuweka pamba katikati ibebe kazi, halafu satini ndani kabisa, ikae huru bila kuvutwa. Ila na joto la zile taa, tabaka la tatu? Nimelifikiria mara nyingi, sijapata jibu. Linalonisumbua zaidi ni kwamba nilijua na sikumwambia. Sijui kama nilikuwa namwonea huruma au naogopa kumwona amenuna.

Mwanangu alikuwa amefika kwenye kwapa. Mahameli haisahau sindano: nilipofumua, vitundu vilibaki, msitari mzima.

"Na hapa palikuwa na nini?"

Nikachakura mfuko wa vipande, nikampa kipisi cha satini nyekundu. Akaingiza mkono kwenye mkunjo wake, akaufumba.