Friza langu la pweza na ile "gesi imekwisha"

Mie nauza pweza na samaki wa changu hapa Mkoani, friza ndo riziki yangu, sasa kila miezi miwili linakataa kugandisha, namwita fundi, anafika tu, "bimkubwa gesi imekwisha, tuongeze." Mara tatu nimelipa, elfu thalathini, arobaini huko, samaki walioharibika sijawahesabu. Mara ya tatu namuuliza imekwendaje hiyo gesi, anambia joto la Pemba linaimaliza. Uongo mtupu! Gesi ya friza langu, wanaiita R-134a, haiungui kama petroli, inazunguka humo humo mabombani, ikipungua ujue pana tundu, na harufu yake huisikii.

Mtoto wa kaka yangu kasomea mafriji Unguja. Nikampigia, akanambia shangazi chukua brashi na povu la sabuni upake kila kiungo. Nimepaka jioni nzima friza linanguruma, hata kipovu! Nampigia tena nimekasirika, akauliza, "Umelizima lakini?"

Kumbe gesi hii inachemka kwenye nyuzi -26 za Selsiasi hivi, na friza likiwa kazini mabomba ya upande wa baridi yanafika huko huko, kwa hivo presha ya ndani inakuwa karibu sawa na hewa ya nje, wakati mwengine chini yake, itapuliza povu kwa nguvu gani? Basi pweza wote nikahamishia kwa jirani, nikazima, mfuniko wazi usiku kucha, lipate joto na presha ya ndani ipande. Nimemaliza kuswali alfajiri napaka tena, tochi mkononi, nafika pale bomba la kurudi linapoingia kwenye kompresa, penye weldi. Mwanzo kimya. Halafu povu likaanza kufura taratibu, likapasuka, likafura jengine. Nikamwamsha mume wangu aje aone! Chumvi imelila bomba mpaka kijani.

Fundi asichomelee gesi ikiwa bado imo, moto ukiigusa inatoa moshi wa asidi unaounguza mapafu, na mie nna watoto ndani. Wala asiiachie hewani, kilo kwa kilo inapasha dunia joto zaidi ya mara elfu moja kuliko kaboni dioksaidi, aivute kwenye mtungi. Nilimpata mwengine Chake, kakata kipande kilicholika, kaziba, kabadilisha draya, ile chujio ya kunyonya unyevu, kavuta vakyumu, yaani katoa hewa yote mabombani, kapima kwa mizani gramu zilezile za kwenye kibandiko, maana yule wa mwanzo akijaza kwa kushika bomba tu kama limepata baridi.

Laki na kitu imenitoka. Huu mwezi wa nane tangu atengeneze sijaongeza gesi, na kile kipande cha bomba nimekiweka dukani, anaeambiwa gesi imekwisha aje nimuoneshe.