Nilivyotia shanga kwenye shali ya kufuma bila kuzishona

Karibu kila niliyemuuliza hapa Ngamiani alinijibu lile lile: fuma shali yako uimalize, kisha shona shanga juu yake kwa uzi wa cherehani. Ushauri huo sitaki kuusikia tena. Kitu kilichofumwa kwa sindano mbili kinavutika, uzi wa cherehani hauvutiki. Mvaaji akiivuta shali mabegani kwa nguvu, uzi unakatika na shanga zinamwagika sakafuni. Ushanga unatakiwa uvae kitanzi chenyewe.

Shali ilikuwa ya binti wa dada yangu aliyeolewa Lushoto. Huku Tanga mjini nani atavaa sufu? Kule milimani Julai baridi si ya mchezo. Aliniambia, "Mama mdogo, usinifumie kitu kikavu, kitie nakshi."

Fundi mmoja anayeheshimika akanishauri nitunge shanga zote kwenye uzi kabla ya kuanza. Njia hiyo ipo kweli. Ukifika penye nakshi unaleta uzi mbele, unasogeza ushanga mmoja hadi kwenye sindano, unahamisha kitanzi bila kukifuma, unarudisha uzi nyuma na kuendelea. Kwa mistari miwili mitatu ni nzuri sana. Nakshi yangu ilikuwa ya shanga mamia, za rangi mbili. Shanga za rangi hutungwa kinyumenyume, maana iliyotungwa mwisho ndiyo inayofumwa kwanza, na hilo fundi hakunitajia! Kibaya zaidi, kila ukivuta uzi unazisukuma shanga zote zilizobaki, nazo zinaukwangua. Joto la kaskazi, viganja vina jasho, uzi wangu laini ukatoka manyoya ukawa kama katani ghafi. Nikaufumua wote.

Kilichonitoa ni kutia ushanga mmoja mmoja, kitanzi chake kikifika. Wenye vifaa hutumia kroshia ya chuma nyembamba isiyofika milimita 1. Nilizozikuta madukani zote zilikuwa nene, hazipiti kwenye tundu. Ndipo nikakumbuka mshipi wa kuvulia! Nikashuka Deep Sea kwa wavuvi nikapata mshipi mwembamba kabisa, kwa pesa ndogo kuliko nauli ya bajaji. Unakata kipande cha urefu wa shibiri. Unapitisha ncha moja ndani ya kitanzi kinachofuata, unakishusha kitanzi kwenye sindano, unakutanisha ncha mbili za mshipi, unazipenyeza pamoja kwenye ushanga, halafu unausukuma ushanga ushuke huku ukivuta mshipi. Kitanzi kinachomoza upande wa pili. Kirudishe kwenye sindano ya kushoto, chomoa mshipi, kifume kama kawaida. Ushanga unakabwa na nyuzi zote mbili za kitanzi: hauhami, haukimbilii upande wa nyuma. Mkono ukishazoea unafanya huku unapiga soga. Nilipomaliza mstari wa kwanza niliunyanyua dirishani nikauangalia mpaka chai ikapoa.

Dukani nenda na kipande cha uzi wako, kikunje mara mbili, kikigoma kupita kwenye tundu usinunue. Kwangu zilikubali shanga za kioo namba 6, za milimita 4 hivi. Namba 8, kama milimita 3, ni za uzi mwembamba zaidi. Namba ikipanda, ushanga unapungua. Pia zilaze usiku kucha kwenye kitambaa cheupe kilicholoweshwa maji ya sabuni. Nyekundu nilizouziwa mwanzo ziliacha doa, nikazirudisha. Shanga na nauli zote zilinila elfu ishirini na ushee, uzi mbali.

Shanga nimeziweka pindoni tu. Zina uzito, na ukijaza shali nzima inavutika na kurefuka. Kwa sababu hiyo hiyo ikifuliwa haianikwi kwenye kamba, inatandazwa juu ya mkeka kivulini.

Shali imefika Lushoto, na wifi zake wameshanipigia simu wanataka za kwao. Mmoja ameomba na sweta ya mtoto anayetambaa, yenye shanga kifuani. Sweta nitamfumia kwa moyo wote, shanga hapana. Mtoto wa umri huo kila kitu mdomoni, na ushanga ukichomoka unaweza kumpalia. Nitamtilia nakshi ya uzi wa rangi.