Barafu Inayopanda Mto

Shemeji ndiye aliyeiona kwanza. Treni ilikuwa imeshaipita Yonkers, mto Hudson uko mkono wa kushoto, na mapande ya barafu yaliyotanda majini yalikuwa yakielekea kaskazini, kule kule tulikokuwa tukienda sisi.

"Shemeji, mto huu wapanda mlima?"

Ni maji kujaa. Bahari huingia mto huu hadi Troy, zaidi ya kilomita 200 bara. Nilipomweleza, akatikisa kichwa kama mtu aliyekutana na jirani ugenini. "Kumbe ni mkono wa bahari, kama Tudor ya Mombasa tu." Akarudi kujinyoosha, mguu wake wa kulia ukiwa umetokeza njiani, kila apitaye auruke.

Mguu huo ndio ulionipandisha treni ile.

Nilifika Marekani na shahada yangu ya sheria ya Chuo Kikuu cha Nairobi, nikaikunja kwenye sanduku, nikaanza kazi ya kulea wazee usiku huko Jersey City, jimbo la New Jersey. Kuwageuza, kuwaosha, kuwapa dawa. Shemeji, mume wa dada yangu, alikuwa akipiga plasta Queens, jijini New York. Siku moja ngazi ikateleza, akaanguka kutoka kimo cha ghorofa ya pili. Bosi akampa dola 400, akamwitia teksi, akamwagiza aseme hospitalini kwamba ameanguka nyumbani. Akasema hivyo hivyo. Wakati huo hakuwa na karatasi za uhamiaji. Nami, mwanasheria wa ukoo mzima, nilimwambia nini? Nilimwambia tushukuru Mungu hakuvunjika shingo.

Miaka ilipita kabla sijajua kwamba jimbo la New York humruhusu aliyesomea sheria ya asili ya Kiingereza, kama yetu ya Kenya, kufanya mtihani wa uwakili iwapo masomo yake yatakubaliwa. Ni siku mbili: insha siku ya kwanza, maswali 200 ya kuchagua siku ya pili. Alama ya kupita ni 266. Mara ya kwanza nilianguka. Nilirudi kwa wazee wangu, nikawa nasoma wakilala, kitabu pajani na taa ya simu.

Ni katika usiku mmoja wa namna hiyo nilipokutana na sheria ya majukwaa ya mafundi, ambayo mizizi yake ni ya 1885. Fundi akianguka kwa kukosa kinga, mwenye jengo na kontrakta mkuu hubeba lawama. Halafu nikaikuta kesi ya Balbuena, ya 2006: mhamiaji kutoka Mexico asiye na karatasi, aliyeanguka akisukuma wilibaro. Mahakama ya juu kabisa ya jimbo ilisema kukosa karatasi hakumnyimi fidia ya mshahara alioupoteza. Nikaanza kuhesabu miezi kwa vidole. Muda wa kufungua kesi kama hiyo ni miaka 3. Shemeji alikuwa na minne na ushei.

Nilimwambia jikoni, akikuna nazi. Hakuacha kukuna. "Basi kesi yangu imeshakupwa," akasema.

Ossining tulipita katikati ya gereza la Sing Sing, kuta huku na huku. Poughkeepsie tulikunywa chai ya chupa. Baada ya saa mbili na nusu tulishuka Rensselaer, maana stesheni ya Albany haiko Albany, iko ng'ambo ya mto, jambo ambalo dereva wa teksi alilieleza kwa furaha nisiyoielewa. Nilikwenda huko kwa sababu waombaji tunaoishi na kufanya kazi nje ya jimbo huapishwa kuwa mawakili na Idara ya Tatu ya mahakama ya rufaa. Kiapo chenyewe ni kifupi kuliko foleni ya kuingilia. Mikono ya kulia ikapanda pamoja, ikashuka pamoja. Nilipogeuka, Shemeji alikuwa amesimama peke yake miongoni mwa waliokaa, kwa kuwa goti lake halipendi viti vya chini.

Nje baridi ilikuwa ya kukata masikio, lakini alitaka aonyeshwe mahakama ya yule mtu wa wilibaro. Tukapanda polepole hadi mtaa wa Eagle. Akazitazama nguzo nyeupe.

"Ni hapa?"

"Ni hapa."

Akaingiza mkono kotini, akatoa kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Jina, na namba ya simu. "Ni kijana wa kazini. Ameanguka mwezi wa kumi na moja. Nimemwambia asiseme ameanguka nyumbani. Kesi yake bado iko?"

Jengo likiwa la mtu binafsi, ana miaka. Likiwa la jiji, taarifa hutakiwa ndani ya siku 90. Nilivua glavu nishike kalamu.

"Shemeji, jengo ni la nani?"