Orodha niliiacha nyumbani

Miezi ya kwanza ugenini nilikuwa naenda sokoni na karatasi. Nyanya, stroberi, mahindi mabichi, utadhani mwaka mzima ni msimu mmoja. Supamaketi huwezi kugundua kosa hilo, kila kitu kipo. Kwenye soko la wakulima ndiko nilikoumbuka. Nilizunguka meza zote katikati ya baridi nikitafuta nyanya, nikaambulia viazi, karoti na kabichi, nikarudi nyumbani nimenuna.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja aliyekuwa na meza pembeni kabisa. Wakati huo lugha yao nilijua kuhesabu mpaka kumi na kushukuru, basi. Nilikuwa nabonyezabonyeza peasi tumboni, akanishika mkono, akanionyesha kwa kidole gumba: bonyeza huku juu, karibu na kikonyo. Kumbe peasi huivia ndani kwanza. Ukingoja tumbo lilainike, katikati kumeshaharibika. Akanichagulia tano, mbili akazitenga kwa ishara ya kula, tatu akalaza kiganja shavuni: hizi zilale kwanza.

Toka siku hiyo sentensi nilizozikazania ni mbili. "Umelima mwenyewe?" na "Za kula leo au keshokutwa?" Zimenifaa kuliko somo zima la salamu.

Sasa nafika mikono mitupu, nazunguka mara moja bila kununua. Kilichorundikwa kwenye kila meza ndicho cha msimu, na bei yake huwa imeshuka kwa sababu kila mtu anacho. Kilichopo kwenye meza moja tu, kinang'aa, nakitilia shaka. Mara nyingi kimetoka kwa mchuuzi wa jumla. Stroberi naangalia mabegani: zikiwa nyeupe naziacha, maana hazizidi kuwa tamu zikishachumwa. Halafu nainua kikasha nitazame chini, maana zilizopondeka hufichwa huko. Mahindi mabichi nanunua siku ile ile ya kuyapika, sukari yake hugeuka wanga haraka. Karoti zenye majani zinapendeza kweli, lakini nikifika tu nayakata, yasije yakazinyonya maji.

Makosa sikuacha. Siku moja soko likikaribia kuvunjika, mkulima aliniuzia kreti nzima ya pichi kwa bei ya bure. Nikaona nimewahi! Naishi peke yangu, lakini hilo sikulifikiria. Nikazipanga juu ya meza pamoja na matufaha yaliyokuwepo, nisijue kwamba matufaha hutoa gesi ya ethilini inayoharakisha matunda mengine kuiva. Baada ya siku mbili jikoni kulinuka pombe. Nikakesha nachemsha jamu, mitungi nayo haikutosha.

Nyanya zilipokuja hatimaye, kiangazi, nilinunua kidogokidogo na friji sikuziingiza, kwa kuwa baridi huziua ladha. Yule mama siku hizi hata haniulizi, ananipimia mwenyewe.

Kitu kimoja tu bado kinanishinda: kuna mzizi wa majira ya baridi, mkubwa kama kichwa cha mtoto, una vinyweleo na udongo kila mahali. Anausifu sana. Nimeununua mara mbili, na mara zote mbili umeishia kwenye supu.