Chungu kitupu jukwaani

Jamani, nimetoka ukumbini kwenye tamasha la muziki sasa hivi, hapa Chennai, India. Mwili bado unanisisimka.

Violini za klasiki ya Ulaya, saksafoni ya jazi, na mridangam (ngoma) na ghatam za Kusini mwa India, wote wanapiga pamoja muziki kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Nilidhani itakuwa vurugu. Wapi!

Ghatam ni chungu cha udongo. Mpigaji anakipakata, mdomo umeelekea tumboni, vidole vinakimbia.

Wakaingia Amritavarshini, raga (mtindo wa melodia wa Kihindi) ya noti tano ambayo wenyeji wanaamini huita mvua. Saksafoni ikaidaka, violini zikafuata polepole.

Halafu wote kimya.

Kikabaki chungu peke yake. Kitupu. Tu... tu... tu...

Mama aliyekaa kando yangu akajifuta machozi. Mwaka 2015 mafuriko yaliingia mpaka jikoni kwake. Mwaka 2019 mabwawa yakakauka, akawa anakesha foleni na ndoo, mji ukiletewa maji kwa treni kutoka Jolarpettai.

Mimi nikamkumbuka bibi, Dodoma, anavyougonga mtungi kwa kidole kusikia maji yamebaki kiasi gani. Mlio ni uleule.

Kwenu mna wimbo wa kuomba mvua? Niandikieni hapa, hata mstari mmoja.