Ukishinda, utakamata nini?

Nilipoanza uwakili Dar es Salaam, Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu, iliyoanzishwa 1999, bado ilikuwa ngeni kwa wafanyabiashara wengi. Sifa ya wakili kijana ilikuwa pingamizi la awali: unasimama, unasema hati ya kiapo ina kasoro, shauri linatupwa, mteja anakupa mkono. Kesi ya Mukisa Biscuit ya 1969 ilikwishasema pingamizi liwe hoja ya kisheria pekee, lakini kila mmoja aliivuta upande wake. Marekebisho ya sheria ya 2018, yaliyozitaka mahakama zitazame haki kuliko ufundi, yaliupunguza mchezo huo. Mimi sikuusikitikia.

Kilichonivuta kwenye ushauri ni swali nililoanza kuwauliza wateja kabla ya kufungua shauri: ukishinda, utakamata nini?

Mzee mmoja, muuza vifaa vya ujenzi, alikuja na boksi la ankara. Mdaiwa wake alikuwa kampuni ya ukandarasi. Oda zilikuwepo, hati za kupokelea mzigo zina mihuri, hata ujumbe wa WhatsApp wa mkurugenzi akiomba avumiliwe hadi mwisho wa mwezi. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ujumbe wa aina hiyo unapokelewa mahakamani, ili mradi uonyeshe ulivyotunzwa. Nikavipanga vyote kwa tarehe kwenye jedwali moja, na safu ya mwisho nikaiwekea yanayotuumiza sisi. Humo ilikuwemo nondo iliyorudishwa na isiyokatwa kwenye bili.

Kisha nikamtuma karani BRELA, wakala wa usajili wa kampuni. Ghala na malori ya mdaiwa, vyote viko rehani benki. Hukumu tungeipata, halafu dalali wa mahakama angekuta benki imetangulia. Na ile nyumba ya Mbezi aliyokuwa akiitolea macho ni ya mkurugenzi. Kampuni ni mtu mwingine kabisa kisheria.

"Kwa hiyo wakili, nisishtaki?"

"Tushtaki, mzee wangu. Ila tushtaki ili tukae nao mezani."

Hatua ya usuluhishi mawakili wengi huipita kama daladala inavyopita kituo kisicho na abiria. Mimi nilifika na jedwali zima, nondo ikiwemo. Wakili wa upande wa pili alikuwa ameificha hiyo nondo kwa ajili ya kumhoji shahidi wetu. Kuiona imekwishakubaliwa kukamlegeza. Tukakata thamani yake. Mkurugenzi akasaini dhamana yake binafsi, malipo yakawa kwa awamu, na awamu moja ikikosekana deni lote linaiva papo hapo. Makubaliano tukayawasilisha mahakamani yakawa amri, ili wakikiuka twende moja kwa moja kwenye utekelezaji bila kesi mpya.

Ada yangu ilipungua, sikatai. Lakini yule mzee sasa hunitumia rasimu ya mkataba kabla hajasaini, nami kitu cha kwanza ninachotafuta humo ni jina la mdhamini.